Huduma za afya kwa wafugaji wanaohama, Handeni hadi Bagamoyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya huulizwa na wauguzi wapya wanaopangiwa zahanati za porini Handeni, Kilindi na Chalinze. Mengine huulizwa na wenyeviti wa vitongoji. Yaliyo mazito zaidi huulizwa na akina mama wenyewe, wakiwa wamekaa kivulini wakisubiri zamu yao. Nimeyapanga kuanzia ya kawaida hadi yale yanayotuumiza kichwa. Jibu likigusa swali jingine nimetaja namba tu, ili nisirudie.

## Mambo ya kuanzia

1. Tukisema wafugaji wanaohama, huku kwetu tunamaanisha akina nani?

Wengi ni Wamasai na Waparakuyo, ambao wamekuwepo Handeni, Kilindi na Bagamoyo kwa vizazi. Wapo pia Wabarbaig waliosogea huku Pwani na mifugo yao. Wanakijiji wengi huwaita Wabarbaig "Wamang'ati". Jina hilo limetoka kwenye Kimasai na maana yake ni adui, kwa hiyo usiliandike kwenye rejista. Muulize mtu anajiitaje, kisha uandike hivyo hivyo.

Kuhama nako kuna namna zake. Kuna boma ambalo wazee, akina mama na watoto wadogo hukaa mahali pamoja mwaka mzima, na wanaohama ni vijana na ng'ombe. Kuna familia inayoondoka yote, hadi kuku. Na kuna waliohama mara moja kutoka mbali, kama kaya zilizotoka Ngorongoro kuja Msomera, Handeni, kuanzia 2022. Hawa wana jambo lao la pekee: mtu aliyekulia nyanda za juu zenye baridi na mbu wachache, mwili wake haujaizoea malaria ya Handeni. Homa yake ipimwe siku hiyo hiyo, hata akiwa mtu mzima mwenye nguvu.

2. Kwani hawawezi kuja zahanati kama watu wengine?

Wanakuja pale inapowezekana. Fuatana na mama mmoja kwa siku moja ya kiangazi uone. Alfajiri anakamua. Jua likichomoza anaswaga punda na madumu kwenda kisimani, na kwenda na kurudi ni nusu siku. Akitoka hapo anambeba mtoto, anatembea hadi zahanati, anafika saa nane mchana. Anaambiwa kliniki ya watoto ni Jumanne asubuhi. Jumanne ijayo boma lao litakuwa limeshavuka mto Wami.

Kwenye rejista atasomeka "mtoro". Nami nimeliandika neno hilo miaka mingi, na leo linanichoma, maana mama huyu alikuja akarudishwa mlangoni. Kama kuna jambo moja ningependa kila muuguzi mpya alichukue hapa, ni kumhudumia mtoto siku ile aliyoletwa, saa ile aliyofika, hata kama siku ya kliniki ni nyingine.

3. Kliniki mkoba ni nini hasa?

Ni huduma inayotoka kituoni kwenda waliko watu, kwa gari, pikipiki au miguu, kwa siku zilizopangwa. Hubeba chanjo, mizani ya watoto, vipimo vya haraka vya malaria na VVU, dawa mseto ya malaria, SP (vidonge vya kukinga malaria) na vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito, na njia za uzazi wa mpango. Haiwezi kulaza mgonjwa, kuongeza damu wala kupasua. Ndiyo maana kabla ya kutoka lazima ujue mgonjwa mahututi utampeleka wapi na kwa usafiri gani (swali la 11).

4. Imewahi kuwezekana kuwafikia wafugaji wote, au tunajidanganya?

Imewezekana, tena kwa ng'ombe wao. Sotoka, ugonjwa uliofyeka mifugo ya Afrika tangu mwisho wa karne ya 19, ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Hatua ya mwisho ilifanikiwa kwa mambo mawili: chanjo iliyostahimili joto, na wafugaji wenyewe waliofundishwa kuchanja huko huko malishoni ambako daktari hakufika. Kwa binadamu, mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, baada ya wachanjaji kuwafuata wahamaji jangwani kambi kwa kambi.

Nchini Chad, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliotembelea kambi za wafugaji walikuta ng'ombe wamechanjwa na watoto hawajachanjwa. Daktari wa mifugo alikuwa akifika kila mwaka, muuguzi hafiki. Wakaanza kutoka pamoja, gari moja, siku moja, huyu anachanja ndama na yule anachanja mtoto. Nasi hapa tuna maafisa mifugo wa kata wanaozijua njia zote za malisho. Sijui kwa nini bado tunatoka kila mmoja na safari yake.

## Ratiba na mahali

5. Nitajuaje watakuwa wapi mwezi ujao?

Uliza maji yako wapi. Masika, Machi hadi Mei, majani yako kila mahali na maboma husambaa mbali na mito. Kuanzia Julai madimbwi hukauka, na mifugo husogea kwenye malambo na mito isiyokauka: Wami, Ruvu, Pangani. Vuli ikinyesha vizuri Oktoba au Novemba, wanasambaa tena. Vuli ikikosa, Januari na Februari huwa ngumu kuliko miezi yote, na hapo hata boma lisilohama linaweza kuhama.

Mwaka mmoja, mwezi wa tano, nilifunga kibebeo cha chanjo kwenye pikipiki, nikapambana na matope saa tatu, nikafika bomani nikakuta bibi mmoja, ndama mgonjwa na majivu yaliyopoa. Wengine waliondoka siku tisa kabla. Chanjo nikarudi nazo. Kosa lilikuwa langu: ratiba niliiandika Januari, ofisini, kwa kutazama kalenda ya ukutani.

Siku hizi ratiba yangu ni ya mwezi mmoja tu, na kabla ya kutoka napiga simu nne: kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa laigwanani (kiongozi wa kimila wa Wamasai), kwa mwenye duka la dawa za mifugo, na kwa mmoja wa akina mama wanaouza maziwa barabarani. Huyu wa mwisho ndiye anayejua zaidi. Piga, usiandike ujumbe, kwa sababu wengi hawasomi, na simu ya boma zima huwa moja.

6. Tuwahudumie wapi: bomani, joshoni, mnadani au kisimani?

Inategemea unamtafuta nani. Joshoni siku ya kuogesha mifugo utawapata wanaume, na hapo ni mahali pazuri pa kuulizia kikohozi, kupima shinikizo la damu na VVU. Mnadani nako ni wanaume kwa wingi, lakini vumbi, kelele na pesa mkononi havimpi mtu utulivu wa kueleza ugonjwa wake. Mimi mnadani natoa elimu na miadi tu.

Akina mama na watoto utawapata kisimani, bomani, na asubuhi pale maziwa yanapokusanywa. Kisimani kuna faida moja kubwa: foleni ya maji ipo tayari. Mama anaweka dumu kwenye mstari, anakuja kivulini, mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, na zamu yake ya maji haijapotea. Nimeona kisima kimoja kwa siku moja kikileta watoto wengi kuliko zahanati kwa wiki nzima. Ila weka meza upande ambao upepo hauleti vumbi la ng'ombe.

7. Siku ya kwanza kuingia bomani nifanyeje?

Simama nje ya boma uitwe. Mwanaume msalimie "sopai", mwanamke "takwenya", naye ataitika "iko". Watoto watakuinamishia kichwa, na wewe waguse utosini kwa kiganja. Ukimpita mtoto bila kumgusa umemdharau yeye na mama yake. Mwone mwenye boma kwanza, ueleze kilichokuleta, unywe chai ikiletwa. Usiulize idadi ya ng'ombe, kwa sababu huwa linasikika kama swali la mtoza kodi. Usipige picha. Mama mtu mzima ukimwita "yeyo" mambo yatalainika.

Kama hujui Kimasai, usimtumie mtoto au mume kumtafsiria mama mambo ya uzazi. Tafuta mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyetoka kwao, na ikiwezekana awe mwanamke.

## Chanjo

8. Porini hakuna friji. Chanjo zitafikaje salama?

Chanjo hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kila mtu anaogopa joto, lakini kwenye kibebeo hatari inayosahaulika ni baridi kali. Chanjo kadhaa za sindano, ikiwemo ya pepopunda, zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka zikaonekana nzima.

Kwa hiyo usichukue pakiti ya barafu kutoka kwenye friza ukaitumbukiza moja kwa moja. Itoe, iweke mezani, usubiri itoke jasho. Itikise karibu na sikio: ukisikia maji yanagonga ndani, iko tayari. Panga pakiti pembeni, chanjo katikati, na sponji juu. Kibebeo kikae kivulini muda wote, na ukifungue pale tu unapotoa chupa. Kila chupa ina alama ya duara yenye mraba ndani. Mraba ukiwa umefifia kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, iache.

9. Mtoto ameruka chanjo miezi mingi. Aanze upya?

Hapana. Anaendelea pale alipoishia, na dozi za aina moja zipishane angalau wiki nne. Hili nalirudia kwa sababu nimeona akina mama wakiogopa kuja wakidhani watagombezwa na mtoto atarudishwa mwanzo.

Ratiba ya kawaida ni kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hajawahi kuchanjwa anaweza kupewa chanjo zaidi ya moja siku hiyo hiyo, kila moja mahali pake mwilini. Mpe zote zinazomstahili kwa umri wake. Mama akisema "atarudi", huenda akarudi baada ya masika. Na ukiwa pale ulizia wasichana wa miaka 9 hadi 14 wasiosoma shule. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi sasa ni dozi moja, na wao ndio wanaokoswa tukichanja mashuleni.

10. Watoto ni wawili na chupa ya surua ni ya watoto kumi. Niifungue?

Ifungue. Ikishachanganywa ina saa sita tu, na dozi nane zitamwagwa, najua. Surua ikiingia kwenye boma lenye watoto ishirini wanaolala nyumba tatu, hutajuta dozi nane. Andika sababu kwenye fomu ya matumizi na umwambie mfawidhi wako mapema.

## Wajawazito

11. Mama akishikwa uchungu usiku, mbali na kituo, tufanye nini?

Piga 115. Ni namba ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga chini ya mpango wa M-mama, na haina malipo. Ukijibiwa, taja kijiji, kitongoji na alama inayojulikana: josho, shule, mti mkubwa wa njia panda. Kama gari haliwezi kufika bomani, kubalianeni mahali pa kukutana. Mimi huwaambia wenye maboma waichague sehemu hiyo mchana, mapema, na waijaribu kwa pikipiki.

Kituo cha afya kikishindwa, rufaa ni hospitali ya wilaya, na kwa mambo makubwa Bombo kwa mkoa wa Tanga au Tumbi kwa Pwani. Dalili zisizosubiri asubuhi ni hizi: damu inayotoka nyingi kabla au baada ya kujifungua, degedege, kichwa kuuma sana huku macho yakiona kiwi, homa kali, uchungu uliopita saa 12, na kondo lisilotoka. Zikionekana, asisubiriwe mtu wa kutoa ruhusa. Hili lizungumzwe na mume mimba ikiwa bado changa, mbele ya mama mkwe, kwa sababu usiku wa tukio mume anaweza kuwa na ng'ombe umbali wa siku mbili. Muulize wazi: "Usipokuwepo, nani aseme mama aende?" Jina analolitaja liandike kwenye kadi ya kliniki.

Anayeishi mbali sana na amewahi kupasuliwa au kupoteza mtoto, asogee kwa ndugu karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yake.

12. Kwa nini wajawazito wengine hupunguza kula?

Bibi zao waliwafundisha kwamba mtoto mkubwa anaua mama. Fikiria mahali ambapo upasuaji uko umbali wa siku nzima: ushauri huo ulikuwa na akili yake. Usiudharau. Waambie akina bibi kwamba hatari waliyoiogopa tunaijua, na kwamba sasa upo upasuaji na ipo 115, lakini mama asiye na damu ya kutosha anakufa kwa kutokwa damu kidogo tu. Wakubali wao kwanza, maana chakula cha mjamzito kinapangwa na wao. Vidonge vya kuongeza damu vinywewe baada ya kula, siyo na maziwa wala chai, kwa sababu vinapunguza nguvu yake.

13. Wakunga wa jadi tuwakataze?

Tuwape kazi. Mkunga wa jadi ndiye wa kwanza kujua nani ana mimba. Akimsindikiza mama kituoni, aruhusiwe kukaa naye. Kituo kinachomfukuza mlangoni kitampoteza yeye na mama wote watakaofuata.

## Mifugo na binadamu

14. Tunakunywa maziwa mabichi tangu mababu. Kuna ubaya gani?

Kuna magonjwa mawili hasa. La kwanza ni homa ya kutupa mimba, yaani bruselosi. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu wa miezi. Mgonjwa hupewa dawa ya malaria mara tatu, ya taifodi mara mbili, na haponi. Tiba yake ni dawa mbili kwa pamoja, wiki sita bila kukatiza. La pili ni kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho hupita kwenye maziwa na mara nyingi hushambulia tezi za shingo au tumbo, siyo mapafu.

Nimekaa na mama mmoja akiandaa kibuyu chake. Alichukua kijinga cha moto, akakiingiza ndani, akakizungusha hadi makaa yakasugua kila upande, kisha akapangusa kwa mkia wa ng'ombe uliokatwa. Maziwa yakatoka na harufu nzuri ya moshi. Moshi ule unasafisha kibuyu na kusaidia maziwa kukaa, lakini mdudu aliyetoka na maziwa kwenye chuchu hauwezi kumwua. Wala kugandisha si kinga ya kutegemea. Nikamwomba achemshe kwanza, apoze, ndipo atie kibuyuni. Ladha ya moshi ikabaki ile ile. Tangu hapo sisemi "acheni kibuyu", nasema "chemsha, kisha kibuyu".

15. Naweza kujidunga sindano ya ng'ombe nikiwa na homa?

Usijidunge. Najua chupa ya oksitetrasaiklini ipo bomani na zahanati iko mbali. Dozi yake imepimwa kwa mnyama, mahali pa kudunga ni tofauti, na homa yako inaweza kuwa malaria, ambayo sindano hiyo haiitibu inavyotakiwa. Zingatia pia siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa: maziwa ya ng'ombe aliyedungwa yasinywewe wala kuuzwa kabla hazijaisha.

16. Ng'ombe amekufa ghafla, au mimba zinatoka zizini. Tumle?

Msile, msichune. Ng'ombe aliyekufa ghafla na damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma anaweza kuwa na kimeta. Ukimchuna, vijidudu vinasambaa ardhini na kukaa miaka mingi. Mwite afisa mifugo, afukiwe mzima, kwa kina. Mtu aliyegusa mzoga akipata kidonda chenye kovu jeusi lisilouma, aende kituoni. Kimeta cha ngozi kinatibika kwa antibiotiki kikiwahiwa.

Mvua zikiwa kubwa kupita kawaida na kondoo, mbuzi na ng'ombe wakaanza kutupa mimba kwa wingi, fikirieni homa ya Bonde la Ufa. Nchini ilileta vifo kuanzia mwisho wa 2006 hadi 2007. Msisaidie mnyama kuzaa kwa mikono mitupu. Muuguzi akisikia habari hii kisimani, amwambie afisa mifugo siku hiyo hiyo.

17. Macho ya watoto yamejaa nzi. Ni kawaida?

Yamezoeleka, lakini ni hatari. Trakoma huenezwa na tongotongo, mikono, nguo na nzi. Ikirudia miaka mingi, kope hupinduka ndani na kukwaruza jicho hadi upofu. Kikombe kimoja cha maji kinatosha kunawisha nyuso mbili. Bibi anayeng'oa kope zake kwa kibano aandikiwe rufaa. Upasuaji wake ni mdogo.

## Dawa za muda mrefu

18. Mgonjwa wa kifua kikuu atamezaje dawa miezi sita akiwa anahama?

Yeyote anayekohoa wiki mbili au zaidi atoe makohozi yapimwe. Tiba ya kawaida ni miezi sita, dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza, kisha mbili kwa minne inayobaki. Kupima na kutibu ni bure.

Usimwambie asihame, kwa sababu atahama tu, naye atakuficha. Muulize siku ya kwanza: "Ng'ombe wataelekea wapi, na lini?" Mkubaliane kituo kilicho njiani, mpe barua ya uhamisho na kadi yake, kisha upige simu mwenyewe kwa muuguzi wa kule umtaje anayekuja. Barua peke yake hupotea. Achague mtu wa kumsimamia anayelala naye malishoni. Mke aliyebaki bomani hawezi kuona kama dawa imemezwa. Watoto wadogo wa nyumba moja naye wachunguzwe na wapewe dawa ya kinga. Anayetumia dawa za VVU afanyiwe vivyo hivyo, na aliye imara apewe za miezi kadhaa kwa mara moja.

## Kadi, majina na malipo

19. Kwa nini mtoto mmoja ana kadi tatu zenye majina matatu?

Mtoto anaweza kukaa muda kabla ya kupewa jina rasmi, halafu baba ana lake, bibi ana lake, na muuguzi aliyeshindwa kulitamka akaandika la kwake. Tafuta kwa jina la mama na la mwenye boma. Umri uulizie kwa msimu: alizaliwa vuli ile ya mafuriko au kiangazi kilichofuata? Kadi ikipotea, tazama kovu la begani na rejista, umsikilize mama. Ukibaki na shaka, chanja. Dozi moja ya ziada haimdhuru mtoto.

Mpe mama mfuko wa nailoni mzito wa kutunzia kadi. Kadi nyingi hazipotei, huliwa na moshi na mvua zikiwa zimechomekwa kwenye paa.

20. Huduma hizi zinalipiwa?

Kwa sera ya afya, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kwenye vituo vya serikali, na chanjo hazilipiwi na yeyote. Kadi ya kliniki haiuzwi. Ukidaiwa, uliza risiti na umweleze mtendaji wa kijiji. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kwa kujiandikisha, uliza kwa mtendaji huyo huyo.

## Yanayotatiza

21. Kumetokea ugomvi wa ng'ombe na mashamba, na zahanati iko kijiji cha wakulima. Wafugaji wanaogopa kuja.

Wana sababu ya kuogopa. Wiki za namna hiyo mimi huenda kwao, na huwaaga viongozi wa kijiji waziwazi ili isionekane ninajificha. Aliyejeruhiwa anatibiwa bila kuulizwa ng'ombe ni wa nani. Kwa jeraha la silaha inahitajika PF3 ya polisi, lakini maisha yakiwa hatarini damu inazuiwa kwanza, fomu inafuata. Msitumie gari la wagonjwa kubeba ujumbe wa upande wowote, hata mkiombwa kwa upole. Likionekana limebeba mkuki wa mtu mara moja, halitaaminiwa tena.

22. Nimeambiwa binti wa boma fulani atakeketwa likizo. Nifanye nini?

Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998. Toa taarifa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Usitaje aliyekuambia. Aliyekwisha kukeketwa usimkemee. Siku ya kujifungua atahitaji mkunga anayejua kwamba kovu linaweza kuchanika, na atakuja kwako tu kama hukumwaibisha.

23. Layoni (mvulana wa Kimasai anayechunga) yuko peke yake na ndama, ameumwa na nyoka. Simu ipo. Nimwambie nini?

Kwanza akae chini, asikimbie kutafuta watu. Avue bangili na kila kinachobana kwenye mguu au mkono ulioumwa, kwa sababu utavimba. Asichanje, asinyonye, asifunge kamba ya kukata damu, asipake mafuta ya taa. Kiungo kisichezeshwe, fimbo yake na shuka yake vinatosha kukitegemeza. Asimfuate nyoka kumuua. Akikumbuka rangi na ukubwa wake inatosha.

Kisha mtu mwenye pikipiki amfuate, na abebwe akiwa katikati ya wawili. Kabla hajaondoka, wewe piga simu hospitali uulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, ili wasipoteze saa mbili kwenda pasipo nayo. Na mtafute jirani wa kwenda kuwatazama ndama. Mtoto huyo ameaminiwa mali ya baba yake, na mara nyingi hatakubali kupanda pikipiki mpaka amsikie mtu mzima akisema nani amebaki nao.